Ufasiri wa Vitabu na Riziki ya Mfasiri

  

Juma hili nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo wengi wetu tumekula matunda yake bila ya kumjua mkulima, nayo ni kazi ya kufasiri vitabu. Na hasa nataka kumtaja yule mfasiri wa kujitegemea, asiyeajiriwa na serikali wala kanisa wala kampuni ya uchapishaji, ambaye huchukua kitabu cha lugha ya kigeni, akakaa nacho miezi mingi nyumbani kwake, hata kikatoka kikisema Kiswahili. Swali langu ni jepesi kuuliza: mtu huyo hula nini? Naomba mlishike swali hilo, kwa kuwa nitalirudia, na kwa kuwa naamini jibu lake ndilo lililoamua, tangu zamani hata leo, ni vitabu gani tunavyo katika lugha yetu na ni vipi hatunavyo.

Natuanze mbali kidogo. Siwasahau mashekhe wa pwani, ambao kabla mitambo ya chapa haijafika kwetu walikwisha kuzifasiri kasida za Kiarabu kwa mashairi ya Kiswahili, kama alivyofanya Sayyid Aidarusi kwa Hamziya. Hao walitaka thawabu, na hesabu yao iko kwa Mola. Lakini tukija kwenye vitabu vya chapa, twakuta ya kuwa mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf, mtumishi wa misheni ya Kiingereza, naye haikupita miezi mingi akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji ule, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Mwenzake, Johannes Rebmann, ndiye yule ambaye tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya mlima wetu huu wa Kilimanjaro na kuandika habari zake, hata mabingwa wa jiografia waliokaa London bila ya kutia mguu huku wakamkadhibisha. Naye pia alikuwa mtu wa kamusi na tafsiri. Kisha huko Unguja, mwaka 1867, Edward Steere akatoa kitabu cha Hadithi za Kiingereza, hadithi nne zilizotokana na michezo ya Shakespeare. Watu hawa walikula nini? Walilishwa na misheni. Basi usistaajabu, ndugu msikilizaji, ukiona ya kwamba tafsiri zetu za kwanza zilizochapwa aghalabu zilikuwa Maandiko Matakatifu na vitabu vya sala. Aliyekuwa na fedha ya chakula ndiye aliyechagua kitabu.

Ikaja zamu ya serikali. Katika miaka ya 1920 na 1930 shule zilihitaji vitabu vya kusoma, ndipo Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1930, pamoja na wenziwe kama Edwin Brenn, wakatutolea Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani na vinginevyo, ambavyo wazee wetu walivisoma darasani na kuvihadithia nyumbani. Hao nao walikula mshahara wa serikali, na serikali ilitaka vitabu vya wanafunzi. Kwa hiyo tukapata maharamia, machimbo ya almasi na safari za baharini, tusipate vitabu ambavyo mtu mzima mwenye fikira zake angevitaka.

Mpaka hapo tumeona walipaji wawili: dini ikalipia Maandiko, na serikali ikalipia vitabu vya shule. Narudia ili aliyefungua redio sasa hivi asipitwe: dini ikalipia Maandiko, na serikali ikalipia vitabu vya shule. Je, riwaya, tamthilia, falsafa, na historia ya watu wengine, hivyo vililipiwa na nani?

Hapo ndipo jambo linapokuwa la shani. Mwaka 1963, nchi yetu ikiwa haijatimiza hata mwaka tangu iwe Jamhuri, ilichapishwa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare juu ya Kaisari wa Roma, na mfasiri wake alikuwa Rais wa nchi, Mwalimu Julius Nyerere. Hakutosheka nayo, akaipitia upya, nayo ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo ikatoka Mabepari wa Venisi. Wakati huo huo alikuwapo msomi aitwaye Samuel Mushi, jina ambalo hapa Kilimanjaro halihitaji maelezo, aliyefasiri Makbeth mwaka 1968, Tufani mwaka 1969, na Mfalme Edipode wa Wayunani mwaka 1971. Naye baadaye akajulikana zaidi kuwa profesa wa sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sasa niambieni, Mwalimu alinunua unga kwa tafsiri zake? Hasha. Na Profesa Mushi, alisomesha watoto kwa Makbeth? Sidhani. Tunaye Shakespeare kwa Kiswahili kwa sababu mtu aliyekuwa na nchi nzima mabegani alipenda kumfasiri katika nafasi haba alizozipata, na kwa sababu kijana msomi alipenda hivyo hivyo. Ni neema kubwa. Walakini lugha inayongoja viongozi wake wapate nafasi ndipo ipate vitabu, hiyo itangoja sana.

Katika habari hizi zote yupo mmoja ambaye nisipomtaja nitakuwa nimemdhulumu, naye ni mzee Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Mzee huyu aliandika riwaya kubwa kwa lugha ya kwao, Kikerewe, akaikamilisha mwaka 1945. Ni habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka na za watoto wao, na ndani yake mmetiwa kilimo, uvuvi, uganga, harusi na mazishi ya Wakerewe, kiasi kwamba mtu aweza kuisoma kama kitabu cha elimu asipoteze utamu wa hadithi. Nani angechapa kitabu kinene namna ile kwa lugha ya kisiwa kimoja? Hakutokea mtu. Miaka ikapita, zaidi ya ishirini, na mzee, ambaye viungo vyake vilikuwa vimekwisha kushikwa na maradhi, akaketi kukifasiri kitabu chake mwenyewe kwa Kiswahili, sura baada ya sura. Hakuwa na mkataba wala malipo ya kutangulia, wala mtu aliyemwahidi neno la hakika. Tanzania Publishing House ikakichapa mwaka 1980. Mwaka 1981 mzee Kitereza akafariki dunia.

Mimi nikiulizwa ni nani mfasiri wa kujitegemea aliye mkuu kuliko wote katika nchi hii, nitamtaja yeye kabla ya Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe, nadhani, angeniwia radhi.

Sasa na tuje hapa kwetu Moshi, siku hizi. Mfasiri wa kujitegemea wa Njoro au wa Majengo au wa Soweto hula nini? Nitasema ninayoyajua, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Anakula vyeti vya kuzaliwa na hati za ndoa za watu wanaoomba viza. Anakula masharti ya vyama vya ushirika. Anakula maelezo ya kampuni za utalii kuhusu njia ya Marangu na njia ya Machame, na nini mgeni achukue mkobani. Zaidi ya yote, anakula karatasi za watafiti wa afya, kwa maana mji wetu una hospitali kubwa na watafiti wengi, na mgonjwa hawezi kuingizwa katika utafiti asipopewa fomu ya ridhaa katika lugha anayoielewa. Mfasiri mmoja huitia fomu katika Kiswahili, kisha mfasiri mwingine, asiyeonyeshwa ile ya asili, huirudisha katika Kiingereza, ili ionekane kama maana imesalimika. Ni kazi ya insafu, nami naiheshimu, maana mtu asiyeelewa anachotia sahihi amedhulumiwa kabla hata sindano haijamgusa.

Malipo yake hukadiriwa kwa neno au kwa ukurasa. Hapa nawausia vijana wanaoanza: kubalianeni mapema ni maneno ya lugha gani yatakayohesabiwa. Kiswahili chetu hufunga mambo mengi ndani ya neno moja, mambo ambayo Kiingereza huyasema kwa maneno manne au matano. Basi mkihesabiwa maneno ya Kiswahili mliyoyaandika, badala ya yale ya Kiingereza mliyopewa, mtakuwa mmefanya kazi nzima kwa ujira pungufu, na hapana atakayewaonya. Kadhalika wateja wa ng'ambo hulipa baada ya mwezi mmoja, na wengine miwili, ilhali mwenye nyumba hapa hataki kujua habari za ng'ambo. Siku hizi pia wapo wanaotuma maandishi yaliyokwisha kufasiriwa na mashine, wakiomba yasahihishwe kwa nusu ya malipo. Yapo yanayosahihishika. Mengine ni sawa na kupewa nguo iliyoshonwa mikono miguuni. Kuifumua ni kazi kuliko kushona mpya.

Wahenga walisema mtumikie kafiri upate mradi wako. Mradi wa mfasiri ni kitabu, na hizo karatasi nilizozitaja ndizo zinazonunua saa zake za kukifanya. Je, kitabu huchukua saa ngapi? Tuseme riwaya ina maneno elfu themanini, na tuseme mfasiri mwenye bidii hutoa maneno elfu mbili safi kwa siku. Hizo ni siku arobaini, bila ya Jumapili, bila ya msiba, bila ya umeme kukatika. Na hapo amepata rasimu tu. Bado hajaiweka kando ili aisahau, na kuirudia kwa jicho la mgeni. Bado hajaisoma kwa sauti, jambo ambalo kwangu ni la faradhi, kwa sababu sikio hukamata sentensi yenye kigugumizi ambayo jicho limeipita. Bado hajabishana na mhariri, wala kusoma prufu. Miezi sita ni kidogo. Na mchapishaji atampa nini? Ama malipo ya mkupuo, yaani fedha za mara moja na kwaheri. Ama mrabaha, yaani fungu dogo la bei ya kila nakala itakayouzwa. Katika nchi ambamo kitabu kisichopangwa kusomwa shuleni huuzwa polepole, mrabaha ni ahadi nzuri inayochelewa kufika. Hesabuni wenyewe, wasikilizaji wangu, kisha mniambie kwa nini kijana hodari, mwenye watoto, achague riwaya na kuiacha fomu.

Jambo la pili, ambalo halina uhusiano na unga bali na heshima, ni jina. Naliwahi kufasiri kijitabu kimoja, ambacho mchapishaji wake simtaji, na kilipotoka nikakuta jina la mwandishi, la mchoraji, la mfadhili, na la mpiga chapa, langu halimo. Nilipouliza nikajibiwa kwa upole kwamba nafasi ilikuwa haitoshi. Nikaona ya kuwa yule mtu hana nia mbaya. Hakujua tu kwamba kunayo kanuni. Nayo kanuni yenyewe, ndugu zangu, haikutungwa mbali. Ilipitishwa hapo jirani, Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 1976, katika Mkutano Mkuu wa UNESCO. Mataifa yalipendekeza kwamba mfasiri alindwe kama mwandishi alindwavyo. Kwamba pawe na mkataba ulioandikwa. Kwamba apewe muda wa kutosha. Kwamba maneno yake yasibadilishwe bila ya yeye kuulizwa. Na kwamba jina lake lionekane mahali pa wazi katika nakala zote zitakazochapishwa. Wafasiri wa dunia nzima huyaita mapendekezo hayo kwa jina la Nairobi. Laiti wachapishaji wetu wangeyabandika ukutani.

Mtu ataniambia, mambo yamebadilika, kwani mwaka 2022 si ilitoka Peponi? Kweli ilitoka, nami nimefurahi kama mwingine yeyote. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ikafasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Lakini tazameni tarehe. Kwa Kiingereza kitabu hicho kilitoka mwaka 1994. Habari zake ni za pwani yetu na za misafara ya bara yetu, mwandishi wake amelelewa katika lugha hii hii, na kikangoja miaka 28, hata tuzo ya Sweden ikatolewa, ndipo kikarudi kwetu. Na mfasiri wake, ambaye kazi yake naistahi, ni mhadhiri wa chuo kikuu huko London. Mnaona tena? Tangu Krapf hata leo, ugali wa mfasiri hupikwa katika jiko jingine.

Sasa nimalizie kwa kitabu kimoja ambacho hatunacho, na ambacho ni chetu kuliko vyote nilivyovitaja. Mwaka 1902 alikuja mlimani mchungaji wa Kilutheri wa Kijerumani, Bruno Gutmann, ambaye sehemu kubwa ya utumishi wake aliifanya Kidia, Old Moshi, mpaka alipoondoka mwaka 1938. Wazee wa wakati ule walimweleza mambo mengi, naye akayaandika yote. Aliandika kitabu kinene juu ya sheria za Wachaga, kilichotoka mwaka 1926. Kisha kati ya mwaka 1932 na 1938 yakatoka Munich majuzuu matatu ya mafundisho ambayo vijana wa Kichaga walipewa katika unyago wao, pamoja na habari za mregho, ile fimbo yenye alama za kuchongwa ambayo mwalimu aliishika akifundisha. Mtu aweza kutokubaliana na mengi katika fikira za Gutmann, nami sikubaliani nayo yote. Mjerumani mwenye nadharia zake husikika nyuma ya maneno ya wazee. Hata hivyo maneno ya wazee yamo. Babu wa babu yako, ewe msikilizaji wa Old Moshi, huenda alikuwa miongoni mwa waliosema, na wewe huwezi kusoma alilolisema mpaka ujue Kijerumani. Mimi sijapata kuyaona majuzuu hayo kwa Kiswahili katika duka lolote.

Watu wa kuyafasiri je, wapo? Wapo. Mji huu una waongozaji wa mlima wengi waliojifunza Kijerumani kwa ajili ya wageni, na miongoni mwao wamo wanaosoma vizuri kuliko wanavyojulikana. Wamo pia walimu na wachungaji waliosoma Ujerumani. Huenda ruhusa itabidi iombwe, kwa sababu Gutmann alifariki mwaka 1966, na kwa sheria ya kwao haki ya mwandishi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake, yaani hata mwisho wa mwaka 2036. Lakini ruhusa ni barua, na barua huandikwa. Kinachokosekana ni kile kile nilichokiuliza tangu mwanzo. Mtu atakayeketi na majuzuu matatu, kwa mwaka mzima au miwili, atakula nini?

Misheni haitalipa tena, serikali ina mengi, na mchapishaji ana haki ya kuogopa hasara. Basi naomba ruhusa yenu niseme neno ambalo huenda likawachekesha. Sisi watu wa mlima huu ni mabingwa wa kamati. Harusi moja ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na kadi za michango zinazosambazwa mpaka Mwanza na Mbeya, na fedha inayokusanyika kwa usiku mmoja wa ukumbi, keki na muziki, ingemlisha mfasiri hata akamaliza juzuu la kwanza na kuanza la pili. Mwezi wa Desemba koo zetu hurudi nyumbani kutoka pande zote. Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, na michango hukusanywa kwa barabara, kwa kaburi la babu, kwa paa la kanisa. Kwa nini pasiwe na kamati moja ya kitabu? Iwe na mkataba wa maandishi, malipo ya kila mwezi kwa kila sura itakayokabidhiwa, mzee mmoja au wawili wa kuulizwa juu ya mila, mhariri mwenye Kiswahili safi, na jina la mfasiri juu ya jalada kwa herufi zinazosomeka bila ya miwani.

Katibu nimekwisha kumpata, ni mwalimu mstaafu wa hapa Njoro, tena mwandiko wake ni mzuri. Kwa sasa twatafuta mweka hazina.